Uzi: Kuchora vitu vilivyochakaa kwa pikseli – panga, bati la kutu na mlango wa zamani

#1 – Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa wanaochora michezo kwa pikseli, zile nukta ndogo za mraba zinazounda picha, na wewe unayejifunza kwa kidole kwenye simu usiku ukitoka kazini, karibu pia.

Mwaka juzi nilichora vitu vya mchezo mdogo unaotokea kwenye mji wa pwani: debe, jembe, kufuli, sufuria, mtumbwi. Kila kimoja pikseli 32 kwa 32. Kwa kuwa vyote ni vya zamani, nilivipiga madoa. Doa la kahawia hapa, nukta nyeusi pale, mkwaruzo mweupe juu yake. Nikivitazama kimoja kimoja, nimevikuza mara 8, nilifurahi sana. Vilipoingia kwenye mchezo kwa ukubwa wake halisi, aliyekuwa akiujaribu alipita juu ya kufuli mara tatu bila kuliona. Alidhani ni changarawe.

Kufuli lile nililichora siku mbili, kwa hiyo iliniuma. Lakini nilipolitazama upya nikaona alikuwa na haki. Karibu kila pikseli ilikuwa na jirani aliyetofautiana naye sana: nyeusi kando ya nyeupe, kahawia iliyoiva kando ya kijivu. Jicho halikuwa na pa kutua. Nilikuwa nimechora madoa, kufuli lenyewe limepotea chini yake.

Tangu hapo nimekuwa nikitazama vitu vilivyochakaa kila ninapopita, na nimefikia jambo moja ninalotaka tulijadili. Kitu kikichakaa, kontrasti yake hushuka karibu kila mahali. Inabaki kali sehemu chache tu, zile ambazo mkono, tupa au mvunjiko umezigusa karibuni. (Kontrasti ninamaanisha umbali kati ya mwanga na giza, siyo kati ya rangi moja na nyingine. Hilo nitalirudia.)

Chukua panga la shambani. Bapa lote limegeuka kahawia-kijivu, halina mng'ao, karibu rangi moja kuanzia kwenye mpini hadi ncha. Lakini makali yamepigwa tupa asubuhi ya leo: mstari mwembamba mweupe unaokata jicho. Na mpini umelainishwa na jasho la kiganja miaka na miaka, una mng'ao mdogo pale tu vidole vinaposhika. Ukichora hivyo, mtazamaji anajua panga ni la zamani na bado linafanya kazi. Ukilimwagia madoa bapa zima, anajua tu kwamba ni chafu.

Paleti ninayotumia, yaani seti ya rangi zangu, ni rangi 9. Tano za kutu na nne za bati (namba yenye # ndiyo unayoandika kwenye programu, ni kiasi cha nyekundu, kijani na buluu):

Kutu 1 #2b1b2e, kutu 2 #5a2a2c, kutu 3 #8f4527, kutu 4 #c4763a, kutu 5 #e0a96d.
Bati 1 #3a4a5c, bati 2 #6b7f8c, bati 3 #9fb0b3, bati 4 #d3dad0.

Angalieni kutu 1: siyo kahawia nyeusi, ni zambarau ya giza. Kadiri rangi inavyopanda kwenda kwenye mwanga, inatoka zambarau, inapita wekundu, inaishia manjano ya mchanga. Ukiongeza nyeusi tu kwenye kahawia ili upate kivuli, utapata rangi ya tope lililokufa. Kivuli cha nje mchana hupokea mwanga wa anga la buluu, ndiyo maana kinaelekea huko.

Panga langu liko hivi: bapa ni bati 1 na kutu 2 zikichanganyikana kwa mafungu makubwa; mgongo wa panga ni kutu 1; makali ni bati 4, mstari wa pikseli moja wenye urefu kama wa pikseli 18, umekatika mahali pawili ambapo pana pengo. Mpini ni kutu 2 na 3, na pikseli mbili tu za kutu 5. Basi. Sijaweka doa hata moja.

Kesho nitaleta bati la paa, ambalo ndilo lililonifundisha zaidi. Karibuni kwa maswali.

#2 – Mchangiaji

Mkuu, nimekuelewa kwenye panga. Ila umesema kontrasti siyo umbali wa rangi na rangi. Mimi naona chungwa na buluu zinagombana vizuri kabisa. Hiyo siyo kontrasti?

#3 – Mleta uzi

Ni kontrasti ya aina nyingine, mkuu, na ndiyo siri ya kutu. Ngoja nikuonyeshe kwa hesabu.

Kila rangi ina mwangaza wake. Kanuni ya zamani ya televisheni ni: nyekundu mara 0.299, kijani mara 0.587, buluu mara 0.114, kisha jumlisha. Kijani inabeba zaidi ya nusu kwa sababu jicho letu linaihisi zaidi. Kutu 4 ni nyekundu 196, kijani 118, buluu 58. Mwangaza wake unatoka kama 134. Bati 2 unatoka 123. Kwa hiyo chungwa ile na kijivu-buluu ile zimetofautiana sana kwa rangi, lakini kwa mwangaza ni kama mtu na ndugu yake.

Sasa geuza picha iwe nyeusi na nyeupe. Doa la kutu linakaribia kupotea, umbo la bati linabaki. Ukirudisha rangi, kutu inaonekana wazi. Umepata vyote viwili: umbo limebebwa na mwangaza, uchakavu umebebwa na rangi. Kosa langu la kwenye kufuli lilikuwa kuubebesha mwangaza kazi zote mbili.

Orodha kamili ya mwangaza, kwa mtakaotaka kujaribu: kutu kuanzia 1 hadi 5 ni 34, 57, 88, 134, 179. Bati kuanzia 1 hadi 4 ni 71, 123, 171, 215.

#4 – Mchangiaji

Nimeweka kambi hapa. Lete bati.

#5 – Mleta uzi

Bati la migongo. Kigae cha 32 kwa 32, kila mgongo na bonde lake vina upana wa pikseli 8, kwa hiyo unapata migongo minne na kinajirudia bila kuonyesha mshono. Mwanga unatoka kushoto juu. Safu wima kutoka kushoto kwenda kulia ni: bati 3, 4, 3, 2, 2, 1, 1, 2. Halafu unarudia. Hilo ni bati jipya, liko dukani.

Kabla ya kuweka kutu, jiulize bati huanza kuoza wapi. Chuma cha bati kimepakwa zinki, na zinki huliwa kwanza ikikilinda chuma. Ikianza kuchoka, bati hupoteza mng'ao na kuwa na ukungu mweupe-kijivu, wekundu bado. Wekundu hutokea pale ambapo zinki imekwisha au haikuwepo: kwenye ukingo uliokatwa, kuzunguka tundu la msumari, kwenye mkwaruzo, na pale mabati mawili yanapolaliana maji yakanasa katikati. Hewa ya chumvi ya pwani huharakisha yote haya. Bati la Muheza, mbali kidogo na bahari, na bati la Tanga mjini karibu na bahari hayazeeki kwa mwendo mmoja.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haina kutu kabisa. Ondoa bati 4 zote, weka bati 3 mahali pake. Hatua hiyo peke yake inalizeesha bati miaka kadhaa. Watu wengi wanairuka, wanakimbilia chungwa.

Hatua ya pili ni misumari. Hupigwa juu ya mgongo, siyo bondeni, ili maji yasiingie. Nukta mbili kwa mbili za kutu 1. Chini ya kila msumari kutu humwagika kidogo ubavuni mwa mgongo, kisha hushuka na bonde, maana maji yanafuata bonde. Nimeona michoro mingi ambayo mchirizi unateremka katikati ya mgongo kama machozi shavuni. Maji hayakai juu ya mgongo kiasi hicho.

Hatua ya tatu ni kubadilisha rangi ndani ya eneo la kutu. Usichore upya. Badilisha: palipo bati 3, pamoja na palipokuwa bati 4, weka kutu 5, palipo bati 2 weka kutu 4, palipo bati 1 weka kutu 3. Umeona kilichotokea? Rangi mbili za juu zimekuwa moja. Hiyo ni makusudi. Kutu ina chembechembe, inatawanya mwanga, haing'ai. Mng'ao wa mgongo unakufa ukifika kwenye kutu. Kwenye bati jipya umbali wa mwangaza ni kutoka 71 hadi 215, yaani 144. Ndani ya kutu ni kutoka 88 hadi 179, yaani 91. Kitu kimechakaa, kontrasti imeshuka, na mgongo bado unaonekana mgongo.

Mwisho ni matundu. Pale kutu imekula hadi ikatoboa, weka kutu 1, na kwenye ukingo wa tundu ulio upande wa chini kulia, ambao unatazamana na mwanga, weka pikseli moja ya kutu 5. Tundu moja kwa vigae vitatu linatosha. Hapo ndipo unapotumia kontrasti uliyoihifadhi.

#6 – Mchangiaji

Mleta uzi, heshima yako. Lakini naona umekwepa diteringi, yaani kupishanisha nukta za rangi mbili, na mimi nimekulia kwenye mashine za zamani. Game Boy, ile mashine ya michezo ya mkononi, ilikuwa na skrini ya 160 kwa 144 na ngazi nne tu za kijani. Hapo hakuna chungwa wala buluu ya kukusaidia. Kutu ulikuwa unaionyesha kwa kupishanisha nukta kama ubao wa drafti, na ilipendeza. Kwa nini tusitumie?

#7 – Mleta uzi

Swali zuri sana, na sikukwepa, nilikuwa nangoja mtu alilete.

Ukiwa na ngazi nne tu, mzigo wote wa uchakavu unahamia kwenye umbo la mafungu ya pikseli. Bati zima linapata mafungu marefu yaliyonyooka, yanayofuata migongo. Kutu inapata mafungu mafupi ya pikseli 2 hadi 5, yenye kingo zilizomeguka, yasiyofuata mwelekeo wowote. Mwangaza ule ule, umbo tofauti. Jicho linajua papo hapo kwamba huku ni laini na kule pamekwaruka. Hata kwenye rangi 9 ninaitumia mbinu hiyo.

Kuhusu drafti: kwenye televisheni zile za kioo kizito, zilizounganishwa kwa waya mmoja wa picha, rangi zilikuwa zinavujiana. Nukta mbili zilizopishana zilikuwa rangi ya tatu, na wachoraji wa wakati ule walilijua hilo wakalitumia kwa ustadi mkubwa. Skrini ya simu ya leo haivujishi. Kila nukta inasimama mahali pake, kwa hiyo drafti inaonekana kama drafti. Haikupi rangi ya kati, inakupa ukavu.

Kwa hiyo mimi naitumia pale ninapotaka ukavu: mchanga, jiwe la matumbawe, kutu iliyoiva. Na siitumii kwa rangi zilizo mbali. Kutu 3 na kutu 4 zikipishana, sawa. Bati 4 na kutu 2 zikipishana, umerudi kwenye changarawe yangu.

#8 – Mchangiaji (Lamu)

Ndugu, nimesoma kwa furaha. Mimi ni mwenyeji wa huku kwenye kuta za mawe. Picha ya ukuta uliyoweka jana kwenye ule uzi mwingine, lipu imebanduka juu karibu na dari na chini iko salama. Kwa nyumba zetu ni kinyume. Unyevu wapanda kutoka ardhini na chumvi yake, ukifika juu kidogo wakauka, ile chumvi yaganda ndani ya lipu na kuisukuma itoke. Tazama nyumba yoyote ya zamani huku, sehemu ya chini ndiyo iliyoliwa. Juu huharibika paa likivuja, na hapo waona mchirizi mweusi ukiteremka, si kubanduka kwa mviringo.

#9 – Mleta uzi

Shukrani sana ndugu yangu. Umenisahihisha na nimekubali, niliuchora ukuta ule kwa kukisia. Nimeuchora upya leo asubuhi.

Sasa kwenye kigae cha 32, pikseli kama 11 za chini zimebanduka, na mpaka wake unapanda na kushuka kama wimbi. Lipu ya chokaa ina rangi mbili tu zilizokaribiana, maana ukuta mweupe uliozeeka hauna kivuli kikali. Jiwe la matumbawe chini yake lina drafti kidogo. Kisha chini ya mdomo wa lipu, pale ilipomeguka, nimeweka kivuli cha pikseli moja, na juu ya mdomo huo pikseli moja ya mwanga, lakini siyo mfululizo. Imekatika kila baada ya pikseli 3 au 4. Mstari huo mmoja ndio unaomwambia mtazamaji kwamba lipu ina unene. Bila huo inaonekana kama rangi mbili zimepakwa ukutani.

Na kwa kuwa umetaja nyumba za mawe, acha niseme la mlango, kwa sababu nimekuwa nikiuchora mwezi mzima. Mlango wa kuchongwa, wa mabawa mawili na mfaa (ule ubao wima wa katikati), una hatari yake: nakshi. Ukijaribu kuchora kila ua na kila mnyororo kwenye pikseli 48 za upana, unapata kelele. Mimi nimechagua mfaa tu uwe na nakshi inayosomeka, fremu nimeipa mdundo wa fungu moja linalojirudia, na mabawa nimeyaacha mbao tupu zenye njumu, vile vichwa vya shaba vya mapambo.

Mbao iliyokaa juani miaka mingi hupoteza wekundu wake, inakuwa kijivu. Jua na mvua huondoa kile kinachoshika nyuzi za mti pamoja, nyuzi zinabaki zimesimama peke yake. Kwa hiyo sehemu ya juu ya mlango, chini ya kibao cha fremu ambako kuna kivuli, acheni kahawia yenye joto. Sehemu ya chini, inayopigwa na jua la alasiri na mvua, punguzeni ukolezi wa rangi hadi karibu kijivu. Mlango mmoja, miti miwili. Nyufa zifuate nyuzi, wima, na zianzie mwishoni mwa ubao. Ufa unaoanzia katikati ya ubao na kuishia katikati haupendezi na huonekana mara chache.

Njumu za shaba nimezipa pikseli 5 kwa 5. Shaba iliyoachwa hugeuka kijani-kahawia, na mvua huosha kijani hicho kikateremka kwenye mbao. Pikseli 3 au 4 za kijani hafifu chini ya kila njumu, mwangaza sawa na mbao iliyopo, kama tulivyofanya kwa kutu. Lakini njumu zilizo karibu na pete ya kufungia, zile zinazoguswa kila siku, zimesuguliwa. Hizo tatu tu nimezipa nukta nyeupe-manjano. Mtu akiuona mlango huo kwa mara ya kwanza, mkono wake unajua pa kushika.

#10 – Mchangiaji

Mkuu natumia simu tu, sina kompyuta. Nitaipimaje hiyo nyeusi na nyeupe? Na je, programu gani?

#11 – Mleta uzi

Simu inatosha. Kwenye Android nyingi za sasa, ingia kwenye mipangilio ya ufikivu, sehemu ya kurekebisha rangi, uchague kijivu. Skrini yote inageuka, unatazama mchoro wako, unairudisha. Mimi hufanya hivyo hata nikiwa na kompyuta kwa sababu ni haraka.

Programu: Piskel inafanya kazi kwenye kivinjari na ni bure. LibreSprite ni bure kwa wenye kompyuta. Ilitokana na Aseprite ya kabla ya leseni kubadilishwa mwaka 2016. Aseprite yenyewe inalipiwa na ni nzuri. Lakini hakuna mbinu hata moja niliyoiandika hapa inayodai programu fulani.

Mambo mawili ya kuzingatia. Hifadhini kwa PNG, kamwe si JPEG, maana JPEG inapaka ukungu kuzunguka kila pikseli na kazi yote ya mwangaza inaharibika. Na mkitumiana kwa WhatsApp, tumeni kama dokumenti, si kama picha, kwa sababu hiyo hiyo. Mkitaka kukuza, kuzeni mara 2, 3 au 4 kamili. Ukikuza mara moja na nusu, pikseli zingine zinakuwa nene kuliko nyingine.

#12 – Mchangiaji

Nimechora sufuria la alumini lililobonyea na kuungua chini. Nimefuata maelezo, lakini linaonekana kama mpira. Tatizo ni nini?

#13 – Mleta uzi

Nimeliona. Umeweka giza kuzunguka kingo zote na mwanga katikati. Wachoraji wengi tumeanzia hapo. Ni kivuli kinachofuata mstari wa nje badala ya kufuata mwanga, na hufanya kila kitu kiwe kama mto wa kulalia.

Sufuria ni silinda, na upande wake ni wima. Amua mwanga unatoka wapi, kisha chora ukanda mmoja wima wa mwanga karibu na kushoto, giza kulia, na ukanda mwembamba hafifu kwenye ukingo wa kulia kabisa, maana alumini hupokea mwanga unaorudi kutoka sakafuni na ukutani. Mdomo wa sufuria ni mstari wa pikseli moja, mkali.

Kubonyea ni kinyume cha umbo. Pale palipobonyea, upande wa kushoto wa shimo unakuwa giza na wa kulia unakuwa mwanga, kwa sababu ndani ya shimo ukuta wa kulia ndio unaoutazama mwanga. Usizungushie mstari. Pikseli 3 za giza na 2 za mwanga zinatosha.

Masizi ya chini yasiwe nyeusi tupu. Yafifishe yakipanda, kwa mafungu yanayopungua, na yawe mapana pale moto wa kuni ulipopanda zaidi, upande mmoja, si kuzunguka sawasawa. Masizi hayang'ai, kwa hiyo ukanda wako wa mwanga ukifika kwenye masizi lazima uishe. Hapo ndipo umeuacha upite hadi chini, na ndipo sufuria lako linapoonekana limepakwa rangi badala ya kuungua.

Na mdomo, pale kifuniko kinaposugua na mwiko unapogonga, uache uwe mweupe. Ni sehemu moja tu ya sufuria lile inayobaki mpya kila siku. Rekebisha hayo ulipandishe tena hapa, nitalitazama usiku nikitoka kazini.